Mto Usiofika Baharini

Siku ya kumi na mbili ya Ramadhani, mwezi Machi mwaka 2025, saa nne za asubuhi, mwalimu wa Kiswahili wa skuli moja ya sekondari mjini Dodoma alikuwa amesimama mbele ya ubao akihesabu mizani. Mwanafunzi mmoja alikuwa ametunga shairi la tarbia juu ya upepo wa Dodoma, na mshororo wa tatu ulikuwa na mizani kumi na tano badala ya kumi na sita. Mwalimu hakuwaambia wanafunzi ilipopotea ile moja. Desturi yake ni kuwaachia watafute wenyewe, kwani kwa miaka ishirini na sita ya kufundisha ameshikilia kanuni hii: mshororo ukipungua, pana mahali ulipopungua, na atafutaye kwa subira atapaona. Alikuwa amenyanyua chaki kuelekea kina cha kati pale maumivu yalipomshukia.

Hayakuwa maumivu yaanzayo kidogo yakazidi. Yalikuja yote pamoja, kisogoni, kwa ghafla ya mlango uliobamizwa na upepo wa kusi katika nyumba tupu. Hakuanguka wala hakupoteza fahamu. Aliiweka chaki taratibu, akashika ukingo wa meza, akawaambia wanafunzi wanyamaze, ilhali hapakuwa na aliyesema neno. Kisha akatoka nje, akatapika chini ya mwarobaini.

Walimu wenzake hawakukosa maelezo. Mmoja alisema ni saumu, kwani mtu wa pwani hajui ukavu wa hewa ya bara. Wa pili alisema ni presha. Wa tatu alilaumu jua. Kila maelezo yalikuwa na mantiki yake, na yote yalikuwa na kosa moja, nalo ni kwamba yalimlaza mgonjwa badala ya kumwinua. Akapewa vidonge viwili vya kutuliza maumivu na bilauri ya maji, saumu ya siku ile ikakatika, akalazwa katika chumba cha stoo chenye giza, na saa tatu zikapita.

Aliyezikata saa hizo ni mkewe, mwanamke wa Bahi aliyekulia katika mashamba ya mpunga. Hakuuliza alikula nini wala alilala saa ngapi. Alimwambia ainamishe kichwa, kidevu kiguse kifua. Mwalimu alijaribu, akashindwa.

"Shingo ya mtu si gogo," alisema mama huyo, akaita bajaji.

Katika hospitali kubwa ya mji walipokewa na daktari kijana aliyemwamkia mgonjwa kwanza, kisha akamuuliza swali moja ambalo huko ofisini halikuulizwa: "Mwalimu, maumivu haya yalichukua muda gani mpaka kufika kileleni?"

Mwalimu alijibu kwa sauti ndogo, macho kayafumba: "Hayakupanda. Yalianzia kileleni."

Daktari akaweka kalamu chini. Kwa mwenye elimu ya ubongo, jibu hilo lina uzito kuliko ukali wa maumivu wenyewe. Kichwa humuuma kila mja, na vyanzo vyake havihesabiki, lakini maumivu yanayofika ukomo wake kwa nukta chache au dakika moja, yenye kutapika na shingo iliyokakamaa, hayatakiwi kupewa jina lolote la nyumbani kabla ya kupigwa picha. Mgonjwa akasukumwa kwenye kipimo cha CT, na picha ikaonyesha weupe mahali panapotakiwa kuwa peusi. Weupe ule ulikuwa damu.

Ili kujua damu ilikaa wapi, yapasa kuujua ubongo ulivyovikwa. Umevikwa tando tatu. Wa nje ni mgumu, umeshikana na fuvu. Wa ndani kabisa ni mwembamba, umeng'ang'ania ubongo katika kila mkunjo wake. Matabibu wa Kiarabu wa zama za kati waliziita tando hizo mbili kwa jina la mama, yule mgumu na huyu mwembamba, na vitabu vyao vilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, umama huo ukahamia Ulaya, ukakaa katika vitabu vya udaktari hadi leo. Baina ya mama hao wawili upo utando wa tatu, na huo umepewa jina la buibui kwa kuwa nyuzi zake zinafanana na alichokifuma mdudu huyo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, kwani kwake buibui ni mdudu, na ni vazi pia. Chini ya buibui hilo hupita maji safi yanayouosha ubongo, na humo humo hupita mishipa mikubwa ya damu. Mshipa ukipasuka mahali hapo, damu huchanganyika na maji na kuzunguka ubongo pande zote.

Hii ni namna mojawapo ya kiharusi, na si ile iliyozoeleka ya mtu kupooza upande. Ni chache, takriban moja katika kila ishirini, lakini ni katili. Mara nyingi chanzo chake ni kivimbe kilichoota kwenye ateri, mahali ukuta wa mshipa ulipokuwa dhaifu, mfano wa puto linalochomoza kwenye mpira wa baiskeli uliochakaa. Katika wagonjwa 100 waliovuja damu chini ya buibui pasipo kuumia kichwa, kiasi cha 85 huwa na kivimbe cha aina hiyo. Kikipasuka mara moja chaweza kupasuka tena, na mara ya pili huua zaidi kuliko ya kwanza. Kwa hiyo wajibu wa daktari ni kukitafuta, kisha kukifunga kabla hakijarejea.

Daktari kijana alikitafuta. Mgonjwa alidungwa dawa inayofanya mishipa ing'ae, akarejeshwa katika mashine. Jioni, wakati waadhini walipokuwa wakiita watu kufuturu, daktari alirudi wodini, akavuta kiti.

"Hatukuona kivimbe," alisema.

Mke akashukuru kwa sauti. Mwalimu hakushukuru. Alisikia katika neno lile la hatukuona jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipuuza. Daktari hakusema hakuna. Akamuuliza tofauti, naye kijana, kwa uaminifu unaostahili kusifiwa, akakiri kwamba picha haikuwa safi. Mgonjwa alitapika akiwa ndani ya mashine, kichwa kikatikisika, na mishipa ya nyuma ilitoka na ukungu. Damu yenyewe imekaa mahali pa pekee, mbele ya shina la ubongo, na ikikaa hapo mara nyingi huwa hapana kivimbe. Lakini mara nyingi si mara zote, kwani pengine mgonjwa mmoja katika ishirini wa damu ya mahali hapo hukutwa nacho. Basi itabidi apigwe picha nyingine iliyo bora, Dar es Salaam, na mpaka hapo atunzwe kana kwamba kivimbe kipo.

Akatunzwa hivyo. Alilazwa kichwa kimeinuliwa, asishtuliwe, asikamue choo kwa nguvu, asisome. Kila baada ya saa nne, usiku na mchana, alipewa vidonge vya nimodipini, dawa inayozuia ubongo usikose damu pale mishipa inapojikunja baada ya kuguswa na damu iliyomwagika. Saa nane za usiku mkewe ndiye aliyemwamsha. Alimpa vidonge, kisha akamtaka aseme jina lake, siku ya leo, na vina vya ubeti wowote aupendao. Alipopatia vyote, alimruhusu alale.

Habari za ugonjwa zina miguu mingi. Kabla ya siku ya pili kwisha zilikwishafika Pemba, na zilipofika zilikuwa zimebadilika sura. Kwa watu wengi wa pwani, kichwa na Dodoma vikitajwa pamoja, jina linalofuata ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyojengwa mjini humo tangu enzi ya Waingereza, na ambayo kwa bahati mbaya imegeuzwa mzaha wa nchi nzima. Dada yake mkubwa alipiga simu akilia.

"Mdogo wangu, wamekupeleka Mirembe?"

"La, dada. Nimevuja damu kichwani."

"Imetoka wapi?"

"Hawajapaona."

Kimya kikapita katika simu. Kisha dada akasema lile ambalo wazee walilisema zamani, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwake yeye, damu isiyoonekana itokako ina mwenyewe aliyeitoa. Alitaka nduguye arejeshwe kisiwani, asomewe na anyweshwe kombe, kabla ya madaktari kumfungua kichwa kutafuta kitu ambacho mashine haiwezi kukiona.

Ni rahisi kumcheka dada huyo, na si haki. Alichokisema ndicho alichokuwa akikiwaza mwalimu mwenyewe saa nane za usiku, ila kwa lugha nyingine. Mtu aliyeishi kwa kanuni kwamba kila upungufu una mahali pake hawezi kuridhika kuambiwa kuwa damu imetoka pasipo mlango. Amefundisha ngonjera tangu ujana wake, tena katika mkoa uleule alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, mshairi aliyezieneza ngonjera kuliko mwingine yeyote hadi alipofariki mwaka 1969. Katika ngonjera wawili hujibizana kwa tungo, na mwishowe aliyepotoka hukubali. Pale wodini mwalimu alijibizana na nafsi yake usiku hadi usiku. Sauti moja ilisema kipo, kimejificha. Ya pili ilisema hakipo. Wala hapakuwa na aliyekubali, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakibishana juu ya picha yenye ukungu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kuna hakuna mbili duniani, na mgonjwa hawezi kuzitofautisha kwa masikio. Ipo hakuna ya mtu aliyechungulia mlangoni, na ipo hakuna ya mtu aliyewasha taa, akahamisha vitanda, akafagia kila pembe. Ya kwanza huua watu, maana humrudisha nyumbani mwenye kivimbe. Ya pili huwapa watu maisha yao. Nayo ni ghali. Inataka mashine, inataka mikono iliyofunzwa, inataka jicho lililokwisha kuona mishipa ya maelfu. Kwa miaka mingi nchini Tanzania jicho hilo lilikuwa mahali pamoja, Muhimbili, ambako taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo, MOI, iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Unguja ilipata taasisi yake ya upasuaji wa ubongo, hapo Mnazi Mmoja, mwaka 2014. Dodoma, uliotangazwa kuwa mji mkuu tangu mwaka 1973, ilibidi usubiri hadi mwaka 2015 ndipo Hospitali ya Benjamin Mkapa ikafunguliwa kando ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Wangapi wa nyanda za kati walishukiwa na maumivu ya namna hii kabla ya hapo, wakazikwa kwa jina la malaria iliyopanda kichwani au la jicho la hasidi, hapana daftari linaloweza kusema.

Siku ya kumi mwalimu alisafirishwa kwa gari la wagonjwa, usiku, ili akwepe joto. Alilala chali mwendo wote, hakuona mlima wala mto. Mkewe alikaa pembeni na mkoba wenye fedha zilizokuwa za karo ya mtoto wao wa mwisho.

Dar es Salaam, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa, mpira mwembamba ulipitishwa kwenye ateri ya paja, ukasukumwa taratibu hadi shingoni, na dawa ikamiminwa. Mwalimu alihisi moto ukipita nyuma ya macho yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kadiri walivyoifungua mishipa mmoja baada ya mwingine. Aliambiwa asitikisike, naye hakutikisika. Baadaye alimwambia mkewe kwamba aliihesabu mizani ya ubeti mzima kwa kila mmwago wa dawa.

Kivimbe hakikuwapo. Safari hii neno lilikuwa ni hilo: hakikuwapo. Bingwa wa picha, mama wa makamo mwenye maneno machache, alimwita mwalimu na mkewe, akawaonyesha skrini. Ateri zote zilikuwa nyororo. Kisha akaonyesha kitu ambacho hawakukiuliza.

Damu iendayo kwenye ubongo hupita kwenye ateri. Irudipo moyoni hupita kwenye vena, na vena hazipewi heshima ya ateri, kwa kuwa haziendi kwa kishindo. Kila upande wa ubongo, chini kabisa, ipo vena inayozunguka shina la ubongo kutoka mbele kwenda nyuma. Inaitwa mshipa wa Rosenthal, kwa jina la mwanaanatomia wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1829. Kwa watu wengi, mishipa hiyo miwili, wa kulia na wa kushoto, humimina damu yake katika mshipa mkuu wa Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Jalinusi. Lakini maumbile hayakumwandikia kila mja ramani moja. Kwa baadhi ya watu mshipa umekatika njiani, nusu yake ikaenda huku na nusu kule. Kwa wengine haufiki kabisa kwa Galen, bali huchepuka na kumwagika moja kwa moja katika mfereji mwingine ulio kwenye utando mgumu. Hivyo ndivyo mishipa ya kila mtu ilivyokuwa mimbani kabla haijapangika upya, na wengine huzaliwa na mpango huo wa awali.

Mshipa wa kushoto wa mwalimu ulikuwa hivyo. Haukufika kwa Galen.

Mwaka 1985 madaktari wa Uholanzi, akiwamo Jan van Gijn, walieleza kwa mara ya kwanza kuwa damu inayokaa mbele ya shina la ubongo pasipo kivimbe ni ugonjwa wa peke yake, tena mpole. Wagonjwa wake huumwa, hupona, na ni nadra mno kuvuja tena. Waliofuatiliwa kwa miaka mingi walionekana kuishi umri uleule wa watu wengine. Swali lililobaki ni damu hutoka wapi. Mwaka 2004 watafiti wa Utrecht, katika nchi hiyohiyo, walizitazama vena za wagonjwa hao, wakakuta kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na ule mpango wa awali angalau upande mmoja, ambapo kwa waliovuja kwa sababu ya kivimbe ulikuwa kwa kiasi cha mmoja katika watano. Dhana yenye nguvu tangu hapo ni kwamba damu hii hutoka kwenye vena. Msukumo wa damu katika vena ni mdogo, nao ukivuja huvuja kidogo, kisha hujiziba wenyewe. Ni dhana, si hukumu. Wapo maelfu wenye mshipa wa namna hiyo wasiovuja hata tone maisha yao yote, na wapo waliovuja ilhali vena zao ni kama za vitabuni.

"Kwa hiyo ni huo uliopasuka?" aliuliza mwalimu.

"Siwezi kuapa, mwalimu," alijibu bingwa. "Naweza kuapa juu ya nilichokitafuta nisikikute. Juu ya huu nakuonyesha tu."

Walirudi kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai mwaka 2024. Mwalimu alipewa kiti cha dirishani. Pande za Kilosa walipita kwenye giza la mahandaki, wakatoka, na bonde la Mkondoa likafunguka chini yao. Mvua zilikuwa zimenyesha. Maji mekundu yalikuwa yakishuka kwa haraka kuelekea mashariki.

"Hayo ni maji ya kwetu," alisema mkewe.

Ni kweli. Nyanda za Dodoma zinaonekana tambarare, lakini mvua inayonyesha hapo haiendi njia moja. Inayonyesha mashariki huingia katika mto Kinyasungwe, ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Huteremka hadi Gulwe na Kidete, ukabadilika jina kuwa Mkondoa, ukapita Kilosa, ukaingia Wami, na Wami huingia baharini karibu na Saadani, ukitazamana na Unguja. Mwanzoni mwa mwaka 2010 maji hayo yalifurika, yakang'oa reli ya zamani na kuziacha familia nyingi za Kilosa bila makazi. Inayonyesha kusini huingia Kizigo, ikakutana na Ruaha Mkuu penye bwawa la Mtera, ikashuka na Rufiji hadi kwenye bahari ya Mafia. Na inayonyesha kaskazini na magharibi huchukuliwa na mto Bubu, unaotoka pande za Kondoa, ukaishia katika mbuga ya Bahi. Bubu haufiki baharini. Hutandaa, hukaa, hukaushwa na jua.

"Sasa maji ya Bubu yamekosea njia?" aliuliza mama huyo. "Mpunga tuliolia sisi umeota kwa hayo. Mwaka wa mvua nyingi yanafurika kidogo, yanaingia mashambani, kisha yanatulia. Hatuhami."

Hakusema zaidi, na mumewe hakumjibu. Lakini aligeuka tena dirishani, na mpaka Gulwe alikuwa bado akiufuata mto kwa macho.

Idi ilimkuta nyumbani, kajilaza kivulini. Itakuwa uongo kusema kwamba hofu iliondoka siku bingwa alipotamka hakikuwapo. Akili hupokea hoja kwa siku moja, mwili huzipokea kwa miezi. Aprili yote mwalimu alitembea kana kwamba amebeba mtungi uliojaa. Hakuinama kufunga viatu. Hakucheka kwa sauti. Kichwa kikimuuma kidogo, naye alikuwa akiumwa nacho mara kwa mara kama wengi wa wagonjwa hawa wanavyoumwa kwa miezi ya awali, alikaa palepale alipo na kungoja. Alichoka upesi, akasahau majina ya wanafunzi, akakasirishwa na kelele za masufuria. Daktari kijana alimweleza kwamba uchovu huo ni wa kawaida na hauna maana ya hatari, na kwamba hana anachokatazwa: si kazi, si safari, si kupanda mlima. Presha yake ipimwe, kama ya mtu yeyote wa umri wake. Mwalimu aliitikia yote. Hakufanya hata moja.

Palikuwa na deni. Kuanzia siku ile ya kumi na mbili hadi mwisho wa Ramadhani, alikuwa amekula siku kumi na nane. Siku hizo hulipwa kabla ya Ramadhani nyingine kuingia, na kwa kawaida yeye hakuwa mtu wa kuchelewesha deni. Mwezi wa Mei ulipita hakulipa. Juni ukapita. Alisema atalipa Shaabani, ikiwa atajaaliwa kuifikia. Mkewe alilisikia lile ikiwa, akalinyamazia.

Julai dada alivuka bahari, akapanda treni, akaja mwenyewe kumwona. Alileta halua, pilipili manga na chupa ya maji ya kombe iliyofungwa kwa khanga mbili. Baada ya kula walikaa uani, katika baridi ya kipupwe inayowashangaza watu wa visiwani, na dada akauliza tena swali lake la mwezi Machi.

"Basi walipapata ilikotoka?"

Mwalimu alikaa kitambo. Angeweza kumwambia habari za Rosenthal na za Jalinusi. Angeweza kumwambia habari za mto Bubu, na pengine angeielewa kuliko nyingine zote, kwa kuwa ni mtu aliyekulia penye vijito vya mikoko. Lakini alitaka kumjibu kweli, na kweli ilikuwa fupi.

"Hawakupapata, dada. Lakini wamepatafuta."

"Pote?"

"Pote."

Dada alitazama chupa yake, kisha akamtazama ndugu yake. Hakuonyesha kwamba ameridhika. "Basi kunywa na haya," alisema, na mwalimu akanywa, kwa kuwa hayakumdhuru na kwa kuwa yamebebwa kutoka mbali.

Usiku ule alimwomba mkewe amwamshe saa kumi. Mama aliuliza kwa nini, kwani vidonge vya usiku vilikwisha tangu Machi. Akamwambia ni kwa ajili ya daku. Saa kumi alimwamsha, na kwa mazoea akamuuliza jina lake, siku ya leo, na vina vya ubeti wowote aupendao. Mwalimu akavisema vyote. Kisha akala wali wa Bahi uliobaki jioni, akanywa maji bilauri mbili, akatia nia ya siku ya kwanza kati ya kumi na nane.